Mchoro wa skeli ndani ya ukurasa: maana yake na jinsi unavyoharibika

Mchoro wa skeli ni ule ambao kila kipimo cha karatasini kina uwiano mmoja na kipimo halisi. Kwa skeli ya 1:100, sentimita 1 ni mita 1, hivyo nyumba ya mita 12 kwa 9 inachukua milimita 120 kwa 90. Kuuweka kwenye ukurasa ni kuuingiza katika programu ya kupanga kurasa, kama InDesign au Scribus, ukae na maelezo, picha na nembo huku uwiano ule ukibaki.

Ugumu uko hapo mwishoni. Kwenye programu ya kuchorea kama AutoCAD, ukuta wa mita 4 huchorwa mita 4 kamili. Skeli inaingia wakati wa kutoa PDF. Programu ya kurasa haijui mita za nyumba. Inajua ukubwa wa karatasi na asilimia basi. PDF iliyotolewa kwa 1:100 itabaki 1:100 ikikaa kwa asilimia 100 tu. Ukiamuru mchoro ujae fremu, yaani kisanduku kinachoushika kwenye ukurasa, skeli imekwisha, hata kama maandishi ya pembeni bado yanasema 1:100.

Kwenye InDesign angalia kwa makini zaidi: ukichagua fremu unaweza kusoma 100% wakati mchoro uliomo ndani uko 63%. Chagua mchoro wenyewe ndipo usome.

Ukitaka kubadili skeli makusudi, gawanya namba ya zamani kwa mpya. Kutoka 1:50 kwenda 1:100 ni asilimia 50. Lakini maandishi ya milimita 2.5 nayo yanakuwa 1.25, hayasomeki, na mistari inakonda. Mimi naona ni bora kurudi kwenye programu ya kuchorea na kutoa PDF upya kwa skeli unayoitaka. Na iwe PDF kweli, si picha ya skrini: picha ya skrini haibebi kipimo chochote cha kuaminika.

Halafu kuna steshenari. Ramani ya nyumba imepangwa kwenye A3, lakini mashine ya pale Mwanjelwa ina A4 tu, na kijana anachagua ukurasa utoshee karatasi. Mchoro unashuka hadi karibu asilimia 71, na 1:100 inakuwa takriban 1:141. Chumba cha mita 4, kilichokuwa milimita 40, sasa ni 28. Fundi wa Mafinga anayepima kwa rula atasoma mita 2.8, na matofali ya kuchoma yataanza kupangwa kwa kipimo hicho. Hasara hiyo anaibeba mwenye nyumba, ambaye hakugusa kompyuta kabisa.

Ndiyo maana vipimo viandikwe kwa namba kwenye mchoro, na fundi afuate namba badala ya rula. Andika pia skeli pamoja na karatasi yake, “1:100 kwa A3”, na chora skeli ya mstari, yaani mstari uliogawanywa na kuandikwa mita zake, ndani ya mchoro wenyewe. Mstari huo hupungua na kukua pamoja na mchoro, kwa hiyo unaendelea kusema kweli hata baada ya fotokopi. Kabla ya kutoa nakala zote, printi moja na uupime: mita 5 kwa 1:100 lazima ziwe milimita 50.