Msonobari wa Korea: joto la usiku na ukavu wa hewa

Watu wanaotaka kupanda msonobari wa Korea huniuliza kwanza kama utastahimili baridi. Utastahimili. Ukiwa umeshika vizuri ardhini, mti huu huvumilia hata takriban nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Miti ya aina hii niliyoitwa kuikagua ikiwa imedhoofika ilikuwa, kwa sehemu kubwa, inateseka kwa usiku wenye joto na kwa hewa kavu ya alasiri, na ndiyo maana nayazungumzia hayo mawili zaidi.

Kiswahili hukusanya miti mingi ya majani ya sindano chini ya neno msonobari. Hapa nazungumzia jenasi ya Abies, na hasa Abies koreana, mti wa mapambo usiokua haraka, wenye sindano za kijani kilichokolea juu na weupe kama wa chokaa chini, ambao huweza kuzaa koni za zambarau zilizosimama wima juu ya matawi ukiwa bado na kimo cha mtu. Mtaalamu wa mimea Mwingereza Ernest Henry Wilson aliuelezea kisayansi mwaka 1920. Kwao ni milima ya Korea Kusini, ukiwemo Hallasan katika kisiwa cha Jeju, ambako huota kwenye miinuko inayozidi mita 1,000, penye ukungu wa mara kwa mara, kiangazi chenye ubaridi na theluji wakati wa kipupwe.

Katika msimu wa ukuaji, mchana wa nyuzi 15 hadi 24 unaufaa sana, na siku mbili tatu za nyuzi 30 si neno iwapo mizizi ina maji. Usiku ni habari nyingine. Mti hutengeneza sukari kukiwa na mwanga tu, ilhali hupumua saa zote 24, na kasi ya kupumua huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kwa hiyo usiku wa nyuzi 25 hula akiba ya sukari karibu mara mbili ya usiku wa nyuzi 15, na hutokea baada ya mchana ambao mti, kwa kuogopa kupoteza maji, ulikuwa umefunga vitundu vya sindano zake na kutengeneza sukari kidogo. Mti wa namna hiyo haukauki ghafla, hudumaa. Kila mwaka shina huacha duara moja la matawi, kwa hiyo ukipima nafasi kati ya duara na duara unasoma historia yake kama daftari, na nafasi zinazofupika mwaka hadi mwaka hunieleza mengi kuliko rangi ya sindano.

Kipupwe nacho ni hitaji. Macho ya mti, yaani vifundo vinavyotoa chipukizi, huhitaji wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi 5 au chini yake ili yaamke vizuri majira ya kuchipua, na ndiyo sababu msonobari huu hauwezi kufugwa sebuleni mwaka mzima. Hatari ya baridi huja baadaye, chipukizi zinapokuwa laini: hapo nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri huzigeuza kahawia kwa usiku mmoja. Mti ulio chunguni uangaliwe zaidi, kwa kuwa mizizi haina ustahimilivu wa matawi.

Sasa unyevu wa hewa, ambako asilimia huwadanganya wengi. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 50 imepungukiwa na takriban kilopaskali 0.85 (kilopaskali ni kizio cha shinikizo) za mvuke kabla ya kushiba. Hewa ya nyuzi 30 yenye asilimia ileile imepungukiwa na zaidi ya kilopaskali 2. Kipimo cha unyevu kinasoma namba ileile, lakini hewa ya pili huzivuta sindano maji kwa nguvu inayokaribia mara mbili na nusu. Chumba chenye kipasha joto ni kibaya zaidi: hewa ya nje ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 22 bila kuongezewa maji, hushuka hadi chini ya asilimia 20.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kuuokoa mti kwa kuunyunyizia maji mchana. Unyevu ulipanda, ukarudi ulikokuwa ndani ya dakika chache, nami nikabaki na sindano zenye madoa ya chokaa. Kinachosaidia ni kivuli cha alasiri, kinga dhidi ya upepo mkavu, matandazo mazito juu ya udongo, na umwagiliaji unaofika chini kabla ukavu haujaonekana. Hata hivyo hewa isisimame kabisa, kwani unyevu uliotuama hualika kuvu kwenye chipukizi, na udongo uliojaa maji huozesha mizizi.

Kabla ya kununua mche, tundika kipimajoto kivulini na ukisome saa kumi na moja alfajiri katika mwezi wa joto kali. Kikisoma zaidi ya nyuzi 20 kwa wiki kadhaa mfululizo, mimi ningechagua mti mwingine, au ningetafuta mche uliobebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya mizizi ya Abies firma, msonobari wa Japani ambao mizizi yake huvumilia joto na udongo mzito, nikijua kwamba mizizi hiyo haibadilishi chochote katika upumuaji wa matawi yaliyo juu yake.