Kujifunza urubani nje ya nchi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana inayowagharimu wanafunzi wengi kuliko nyingine zote ni kwamba leseni ya urubani ni moja duniani kote, na kwamba aliyeipata katika nchi moja anaweza kurusha ndege ya nchi yoyote. Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), unazitaka nchi wanachama zitambue leseni za wanachama wenzao mradi zimefikia viwango vya chini vilivyowekwa. Hata hivyo Kifungu cha 32 cha mkataba huohuo kinamtaka rubani wa safari ya kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambako ndege yake imesajiliwa, tena kinaipa kila nchi haki ya kutoitambua, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Hivyo mtu anaweza kurejea kwao na leseni halali kabisa na bado asiruhusiwe kurusha ndege iliyosajiliwa kwao mpaka mamlaka ya usafiri wa anga ya huko iidhinishe leseni hiyo au kuibadilisha, na hatua hiyo mara nyingi huja na mtihani wa sheria za anga, uchunguzi wa afya na jaribio la kuruka mbele ya mtahini. Swali la kwanza, basi, si chuo kipi kina ada nafuu, bali ni mamlaka ipi itakayotoa leseni na inatambua mafunzo ya nani.

Wengine huamini kwamba saa za kuruka zinahesabika namna moja popote zilipopatikana. Kiwango cha chini cha ICAO kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 kwa anayesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Marekani inafuata takwimu hizohizo, ilhali kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai saa 45, zikiwemo 25 pamoja na mkufunzi na 10 za kuruka peke yako chini ya usimamizi. Anayesomea leseni ya Marekani anaweza kuhesabiwa masomo aliyoyapata nje ya nchi hiyo kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na nchi mwanachama wa ICAO, lakini saini ya mkufunzi huyo inathibitisha tu kwamba somo limefanyika. Ruhusa ya kuruka peke yake na pendekezo la kwenda kwenye jaribio la mwisho hutoka kwa mkufunzi mwenye idhini ya Marekani. Ulaya ni kali zaidi, kwa kuwa mafunzo ya leseni hufanyika katika chuo kilichotambuliwa chini ya kanuni zake, na ingawa vipo vyuo vya nje ya Ulaya vyenye utambuzi huo, mwanafunzi anayechukua masomo machache likizoni katika chuo kisicho nao ana hatari kubwa ya kukuta saa zake hazihesabiwi, hata kama ustadi wake umeongezeka. Uingereza nayo, tangu mwaka 2021, haimo tena katika mfumo wa Umoja wa Ulaya, na maelezo yanayozitaja kama kitu kimoja yamepitwa na wakati.

Hata namna ya kujaza daftari la saa inatofautiana. Kanuni za Marekani zinamruhusu mwenye leseni kuandika kama saa za rubani kiongozi muda wote ambao yeye tu ndiye aliyeshika usukani wa ndege ya aina anayoruhusiwa, hata kama mkufunzi alikuwa kando yake akimfundisha, wakati Ulaya muda huohuo ni saa za mafunzo na si vinginevyo. Aliyejiandikia saa nyingi za uongozi kwa hesabu ya kwanza huona zikipungua anapohamia mfumo wa pili, na upungufu huo unauma, kwa sababu kila saa ililipiwa. Ninashauri kila safari iandikwe kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza: aina na usajili wa ndege, viwanja, muda, na jina, saini na namba ya leseni ya mkufunzi.

Husemwa pia kwamba penye jua la mwaka mzima mtu huhitimu upesi na akiwa tayari kwa kila kitu. Ni kweli kwamba Arizona na Florida zimejaa vyuo kwa sababu siku zinazofaa kuruka ni nyingi. Lakini Florida wakati wa kiangazi hupigwa na radi za alasiri, na joto la Arizona huifanya hewa kuwa nyepesi, ndege ikahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na kupanda kwa uvivu. La uzito zaidi ni kwamba aliyejifunza chini ya anga safi hajawahi kulazimika kuamua, mawingu yakishuka mbele yake, kama ageuze au aendelee. Uamuzi huo hauji wenyewe pamoja na leseni, na sioni aibu yoyote kwa mhitimu kulipia masomo kadhaa na mkufunzi anayeijua hali ya hewa ya mahali atakaporukia.

Kuhusu lugha, wengi hudhani kujua Kiingereza kunatosha. Tangu Machi 2008 ICAO inadai angalau daraja la 4 kati ya 6 kwa mawasiliano ya redio ya kimataifa, na mwenye daraja hilo anapaswa kupimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Hata aliyefaulu hukutana na vipimo vigeni. Marekani mgandamizo wa hewa, ambao rubani huuweka kwenye kipimakimo (chombo kinachoonyesha urefu wa ndege angani), hutajwa kwa inchi za zebaki, sehemu nyingi nyingine kwa hektopaskali. Rubani aliyezoea 29.92, ambayo ndiyo thamani ya kawaida, akisikia 992 za hektopaskali anaweza kuweka 29.92 badala ya 29.29, na kipimakimo chake kitamwonyesha yuko juu kwa takriban futi 600 kuliko alivyo kweli. Karibu na milima au wakati wa kukaribia uwanja ndani ya mawingu, futi hizo ndizo uhai.

Saa 40 si bei ya leseni. Ni kiwango cha chini, na wengi hukivuka, hasa wanaojifunza kwa vipindi vilivyoachana. Anayesafiri na fedha za saa 40 tu hujikuta amekwama njiani, na anayelipa ada yote mapema hubeba hasara chuo kikifungwa. Aidha, Marekani wakufunzi wengi wanakusanya saa 1,500 zinazohitajika ili kuajiriwa kama marubani wa mashirika ya ndege, sharti lililokazwa mwaka 2013 baada ya ajali ya ndege ya abiria ya mwaka 2009 karibu na Buffalo, jimbo la New York, na wakizifikisha huondoka, mwanafunzi akaanza upya kuzoeana na mwingine.

Visa ya utalii haitoshi kwa kozi kamili ya leseni Marekani, na raia wa kigeni huchunguzwa kwanza na mamlaka ya usalama wa usafiri, utaratibu uliokuja baada ya Septemba 11, 2001. Uchunguzi wa afya nao si wa kuachwa mwisho. Anayelenga urubani wa biashara afanye ule wa daraja la kwanza kabla ya kulipa chochote, tena kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka itakayompa leseni, maana tatizo la macho au moyo likigunduliwa baada ya kozi, ada hairudi.

Na kabla ya kuondoka chuoni, mwanafunzi achukue nakala zilizothibitishwa za kumbukumbu zake zote za mafunzo, kwa sababu mamlaka ya nchi yake inaweza kuzidai miaka mingi baadaye, chuo chenyewe kikiwa hakipo tena.