VPN huria: ufunguo hausafiri, na mengine yanayosemwa kijiweni

Kila nikisema natengeneza VPN (njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti) ya opensosi, yaani kodi yake iko wazi yeyote aisome, lazima mtu aniulize, sasa si wezi wataona kodi yako? Kodi ya programu jamani, sio ya TRA. Waone tu. Siri haikai kwenye kodi, inakaa kwenye ufunguo, na mtaalamu wa maandishi ya siri Auguste Kerckhoffs alishaliandika hilo 1883 kabla hata ya redio.

Ila na sisi wa huria tunazidisha, eti ikiwa wazi basi iko salama. Wapi! Kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, kodi huria ya kufunga data inayotumiwa na programu nyingi, kama miaka miwili, kodi iko wazi kabisa, hadi ikagundulika Aprili 2014, na OpenVPN, VPN huria inayotegemea OpenSSL, nayo ikaguswa. Kuwa wazi kunasaidia pale mtu anapoweza kuisoma yote akaimaliza, ndo maana WireGuard, VPN huria ya Jason Donenfeld, iliwavutia wengi, ilikuwa na mistari kama 4,000 tu, na 2020 ikaingia kwenye keneli (kiini) ya Linux toleo 5.6.

Sasa hii ndo inayonichosha zaidi: watu wanasikia "kubadilishana funguo" wanadhani ufunguo wa siri unatumwa, kwa hiyo anayesikiliza katikati anaudaka. Jina lenyewe ndo linapotosha. Tangu watafiti Diffie na Hellman waonyeshe njia yao 1976 mambo yako hivi: mimi nina namba yangu ya siri, wewe una yako, tunatumiana namba za wazi tu zinazotokana na hizo za siri, halafu kila mtu anapiga hesabu kwake na jibu linatoka lilelile. Hilo jibu halijapita kwenye waya hata sekunde moja. WireGuard inatumia Curve25519, aina mojawapo ya hesabu hizo, ufunguo baiti 32 tu, na usiudharau kwa udogo, RSA, aina ya zamani ya funguo, ili ifikie nguvu hiyo inataka biti kama 3,000. Kila kifaa kina ufunguo wa kudumu wa kujitambulisha, na juu yake kinatengeneza mwingine wa kutumia na kutupa, kama kila dakika mbili pakiti (vifurushi vya data) zikiwa zinapita, kwa hiyo mtu akikuibia laptop kesho, alichorekodi jana bado hakifunguki.

Kingine, eti algorithimu (njia za kufunga siri) zikiwa nyingi za kuchagua ndo usalama unaongezeka. Kinyume chake bana. Mwaka 2015 shambulio la Logjam lilionyesha mtu akikaa katikati anaweza kuilazimisha seva ishuke hadi kwenye ufunguo dhaifu wa biti 512, kisa tu seva bado inaukubali. WireGuard haina hiyo biashara ya kupatana bei, seti ni moja, Curve25519 ya funguo, ChaCha20-Poly1305 ya kufunga data, BLAKE2s ya kutoa alama ya data, basi, kimoja kikivunjika toleo zima linabadilishwa.

"Ukiwasha VPN hauonekani." Unaonekana. Pakiti ya kwanza ya WireGuard ina baiti 148 kila siku, mtandao wako ukitaka kuitambua na kuizuia hauhitaji hata kujua kilichomo.

Na wale wa "kompyuta za kwantamu bado, tulieni": anayerekodi leo anaweza kufungua siku zikifika, na Curve25519 haitazihimili. ML-KEM, njia ya kukubaliana ufunguo iliyoundwa kuzihimili, ilishapitishwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024, na WireGuard inakuruhusu kuongeza ufunguo wa siri wa pembeni, ndo mlango ambao programu huria ya Rosenpass inautumia.

Mwisho kuna wanaoamini ukiandika kripto yako mwenyewe (hesabu za kufunga siri, sio bitcoin) ndo hakuna atakayeivunja. Mi nilijaribu, testi zote zikapita, nikajisifu wiki nzima, kumbe namba zangu za siri nilikuwa nazitoa kwenye randomu (kitoa namba za bahati nasibu) ya kawaida inayoanzia saa ya kompyuta, yaani ukijua nimeiwasha saa ngapi unazikisia zote. Aliyeona ni mwenzangu, aliisoma kodi akiwa anakunywa chai.