Daftari limejaa, kazi haijaanza: dhana potofu kuhusu miadi ya kuhasi mbwa na paka

Kliniki ya kuhasi na kufunga kizazi mbwa na paka, iwe Area C, Kisasa au Nzuguni hapa Dodoma, mara nyingi haikwamishwi na uhaba wa wateja. Inakwamishwa na daftari la miadi. Asubuhi foleni imefika barabarani, saa 5 daktari amekaa bure kwa sababu nusu ya wanyama walioletwa wameshakula na hawawezi kupigwa nusu kaputi. Zifuatazo ni dhana zinazolivuruga daftari hilo, za upande wa mapokezi na za upande wa wenye wanyama.

"Kwa siku tunachukua wanyama kumi"

Kumi gani? Paka dume humchukua daktari mzoefu dakika zisizozidi kumi. Mbwa jike wa kilo 30, mnene, anaweza kumaliza saa nzima kabla ya uzi wa mwisho kufungwa. Ukihesabu vichwa, siku mbili zinazofanana kwenye daftari hazitafanana hata kidogo mezani.

Hesabu pointi, na pointi moja iwe dakika 10. Kwa kuanzia: paka dume 1, paka jike 2, mbwa dume 3, mbwa jike wa chini ya kilo 20 pointi 4, aliyezidi hapo 5 au 6. Upasuaji ukianza saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana una dakika 240, yaani pointi 24. Jaza 20 tu. Nne zinazobaki ni za mshipa unaovuja, korodani iliyojificha tumboni, au umeme kukatika. Majike kumi wakubwa ni pointi 50 kwenda juu, hivyo hiyo ni kazi ya siku mbili na nusu.

Kuna kikwazo kingine ambacho daftari halikionyeshi kabisa: seti za vifaa. Kila tumbo linalofunguliwa linahitaji seti yake. Ukiwa na seti 6, mnyama wa saba atasubiri vifaa vioshwe, vifungwe, vikae kwenye mvuke wa nyuzi joto 121 kwa dakika 30, kisha vikauke na kupoa. Saa moja na nusu imekwenda, na umeme ukikatika katikati mnaanza upya. Kuchovya mkasi kwenye spiriti na kuendelea kunaokoa muda leo na kuleta usaha wiki ijayo.

"Aliyewahi ndiye wa kwanza"

Foleni ya namna hiyo inafaa kwa mashine ya kusaga. Kwenye upasuaji, wa kwanza ni vitoto vya mbwa na paka, kwa sababu vikikaa na njaa muda mrefu sukari ya mwili inashuka. Wanafuata majike, wakati daktari bado hajachoka, kisha madume. Mwenye vidonda vya ngozi au uvimbe wa sehemu za siri awe wa mwisho, meza isichafuke mapema.

Muda wa kuwasili nao utenganishwe. Paka waje saa 1:30 asubuhi, mbwa kuanzia saa 2, wakipishana dakika 15. Paka aliyebwekewa saa nzima kwenye benchi anaingia mezani moyo ukimwenda mbio, na dawa ya usingizi haimshiki vizuri. Mwambieni mwenye paka amlete kwenye tenga au kikapu kilichofungwa vizuri. Kiroba hakifai, hasa Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likiwa kali.

"Nilisema asile, kwa hiyo hajala"

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibikia. Mbwa wengi wa ulinzi mjini hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mwenyewe hakumpa chakula, ni kweli, lakini mbwa amepita jalalani saa 8 usiku na kushiba. Akipigwa nusu kaputi tumbo limejaa anaweza kutapika, na matapishi yakiingia kwenye mapafu huua. Kwa hiyo swali la mapokezi asubuhi lisiwe "umempa chakula?" Liwe "amelala bandani au alifunguliwa?" Kama alifunguliwa, apangiwe siku nyingine, hata kama mwenye mbwa ametoka Bahi na nauli yake.

Jambo la pili ni nani anapokea maelekezo. Anayepiga simu ni mwenye mbwa, mtumishi wa serikali aliyeko ofisini Mtumba. Anayelisha mbwa ni dada wa nyumbani au mlinzi. Chukueni namba zote mbili wakati wa kuandikisha, na simu ya mwisho ipigwe kwa yule anayelisha.

Kwa mbwa na paka wakubwa, chakula cha mwisho kiwe saa 4 usiku, maji yaachwe hadi asubuhi. Vitoto vya chini ya miezi minne vipewe chakula kidogo saa 12 asubuhi na kuingia mezani saa 3. Kukinyima kitoto chakula usiku kucha ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

"Meseji ya programu inatosha kumkumbusha mteja"

Programu nyingi za miadi huandika saa kwa mtindo wa kizungu. Mteja akisoma "miadi yako ni 08:00" anaweza kabisa kuja saa 8 mchana, wakati wa kufagia chumba. Andikeni kwa maneno: "Jumanne, saa 2 kamili asubuhi." Na msiandike "asile usiku wa Jumanne", maana mwingine ataelewa usiku wa kuamkia Jumanne na mwingine usiku unaofuata. "Jumatatu, baada ya chakula cha usiku saa 4, asipewe kitu" haina utata.

Meseji iende siku mbili kabla, simu ipigwe jioni ya kuamkia siku yenyewe. Asiyepokea na hakujibu, nafasi yake ipewe mwingine. Malipo kidogo ya awali kwa simu hupunguza wanaopotea bila taarifa, mradi sharti la kurudishiwa lielezwe mapema.

"Wengi hawaji, tuandike watu zaidi"

Kuandika kupita kiasi kwa kubahatisha kutawaumbua siku wote watakapokuja. Wekeni orodha ya akiba ya watu wanaokaa karibu, hasa wenye paka dume, ambao hawali pointi nyingi. Lakini waarifiwe saa 12 jioni ya siku iliyotangulia ili nao wasiwape wanyama wao chakula usiku. Mtu wa akiba akipigiwa asubuhi, paka wake ameshakunywa maziwa.

"Yuko kwenye joto, nipeni nafasi kesho"

Kwa mbwa jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hapana. Mishipa ya kizazi huwa imejaa damu, na kuvuja ni rahisi zaidi. Kawaida husubiriwa miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha. Mapokezi aandike tarehe mpya papo hapo, asiseme "utatupigia". Kisha aulize: amepandwa? Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Aliyepandwa akipangiwa miezi mitatu mbele atafika kwenye miadi akiwa na watoto. Huyo aonwe na daktari mapema ili uamuzi utolewe.

Paka ni habari nyingine. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na paka asiyepandwa hurudi kwenye joto kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Ukisubiri atulie, utasubiri hadi abebe mimba. Daktari anaweza kumfanyia akiwa kwenye joto.

Na ile ya "azae kwanza mara moja" haina faida yoyote kwa afya yake. Inawafanya watu wapige simu wakiwa wamechelewa tu.

"Daktari akisafiri, msaidizi ataendelea na orodha"

Msaidizi atapima uzito, atanyoa, atahudumia wanaozinduka. Kufungua tumbo ni kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003. Fungeni siku hizo kwenye daftari mapema, ikiwemo wiki ya Nanenane mwanzoni mwa Agosti, wataalamu wengi wa mifugo wanapokuwa viwanja vya Nzuguni.

"Ijumaa ndiyo nzuri, atapumzika wikendi"

Kuvuja damu huonekana zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kama kliniki hufungwa Jumamosi na Jumapili, majike wapangwe Jumatatu hadi Jumatano, na Ijumaa iwe ya paka dume. Miadi ya kutoa nyuzi, siku ya 10 hadi 14, iandikwe kabla mnyama hajatoka getini. Mwenye dume aambiwe wakati huo huo kwamba mbegu zilizobaki zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, hivyo asimchanganye na majike kwa mwezi mmoja au zaidi.