Uso ukicheza wenyewe upande mmoja, tunapasua lini?

Wengi wanaokuja kwangu na shida hii swali lao la kwanza ni "dokta, utanipasua?" Mimi kabla sijajibu namtazama mtu usoni kwa muda kidogo, maana kuna kitu kimoja ndo kinaamua: unacheza upande mmoja au macho yote mawili?

Kama ni macho yote mawili yanajifumba yenyewe kwa nguvu, hiyo ni shida nyingine kabisa, inatokea ndani ya ubongo, na kufungua fuvu hakusaidii kitu. Hao wanachomwa botoksi, sindano ya kulegeza msuli, ikigoma kuna upasuaji wa kope wa kupunguza msuli unaofumba jicho.

Sasa upande mmoja, ulioanzia kwenye kope halafu ukashuka taratibu mpaka shavuni na kwenye pembe ya mdomo, na hata umelala unacheza tu, mara nyingi ni mshipa wa damu umeegemea neva ya saba, ile inayoendesha misuli ya uso, pale inapotoka kwenye shina la ubongo. Kila moyo ukipiga mshipa unaigonga, miaka inapita, ganda la neva linachunika kama waya na umeme unarukia kusiko. Botoksi inatuliza miezi 3 hivi ila mshipa upo palepale.

Operesheni aliyoieneza Dkt. Peter Jannetta wa Marekani tangu miaka ya 1960 inaondoa chanzo chenyewe. Unalazwa usingizi, tunachana nyuma ya sikio, tunafungua tundu la sentimita 2 au 3 kwenye fuvu, na kwa darubini tunaunyanyua ule mshipa polepole kisha tunapachika vipande vya tefloni, aina ya plastiki, katikati yake na neva. Hatuukati jamani, unalisha ubongo! Neva ya kusikia iko ubavuni kabisa, kwa hiyo muda wote kuna mtu anafuatilia mawimbi yake kwenye mashine, yakianza kuchelewa tunaacha kuvuta tunasubiri yarudi.

Kati ya wagonjwa 10, 8 au 9 wanapona. Hatari zipo: sikio la upande huo kuziba moja kwa moja, uso kulegea, maji ya ubongo kuvuja, mara chache kiharusi. Mtu mwenye sikio moja tu zima, na ndo la upande unaocheza, namshauri abaki na sindano.

Na tafadhali, ukizinduka uso bado unacheza usikubali kurudishwa thieta haraka haraka. Neva inatulia kwa muda wake, wengine wiki, wengine miezi, wengine karibu mwaka, na mimi kabla ya mwaka kwisha siongelei operesheni ya pili.