Mhamiaji na Siasa za Nairobi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea zaidi hapa mjini ni kwamba asiye na kitambulisho cha taifa hana usemi katika mambo ya umma. Inatokana na mazoea yetu ya kuona siasa kuwa ni debe la kura na mikutano ya kampeni tu. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 38, kinachohusu kupiga kura, kugombea viti na kuunda vyama vya siasa, kimewekewa raia; lakini Kifungu cha 37, kinachoruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani na bila silaha, ni cha kila mtu, na vivyo hivyo uhuru wa kuunda na kujiunga na mashirika (36) na haki ya kupeleka ombi Bungeni (119). Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakwenda mbali zaidi: katika umma unaopaswa kushirikishwa, inawahesabu wakazi wa kaunti, na hata wapitaji wanaotumia huduma zake kwa muda. Kwa hiyo Mkongomani anayeuza vitenge Kayole, au Mworomo wa Ethiopia mwenye duka Eastleigh, ana haki ya kuingia katika kikao cha bajeti ya kaunti na kuuliza kwa nini mtaro wa mtaani kwake haujazibuliwa. Kwamba wengi hawaendi ni kweli, ingawa sidhani sababu ni uzembe. Mtu ambaye kibali chake kinakaribia kuisha hufikiri mara mbili kabla ya kusimama mbele ya maafisa wa serikali na kujitaja jina.

Wapo pia wanaoamini kuwa wageni huandikishwa kwa wingi ili wampigie kura mwanasiasa fulani. Daftari la wapiga kura ni la raia watu wazima, na anayejiandikisha hutakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Anayepenyezwa kinyume cha hapo ametenda kosa, na aliyempenyeza pia. Nchi nyingine zimeamua tofauti, na si za mbali tu: Malawi humruhusu asiye raia kupiga kura iwapo ameishi humo miaka 7.

Ipo dhana kwamba mhamiaji ni mtu wa biashara tu, asiyejali siasa za hapa. Wanaoitamka pengine wamewahi kusimama Jeevanjee Gardens, bustani ya katikati ya jiji, wakisikiliza mabishano ya siasa, wakasahau kwamba bustani hiyo ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi. Makhan Singh naye, mzaliwa wa Punjab, aliletwa Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, akawapanga wafanyakazi katika vyama bila kuwabagua kwa rangi, na Aprili 1950, katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, akadai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wakoloni walimkamata mwezi uliofuata, wakamzuia hadi 1961. Wapigania uhuru wazaliwa wa nchi hii waliozuiliwa muda mrefu kama huo si wengi.

Dhana ya mwisho ni kuwa uraia huja wenyewe, ukikaa vya kutosha. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, walizaa na kuzikana Kwale kwa miongo mingi bila vitambulisho, hadi mwaka 2016 walipofunga safari ya maandamano hadi Nairobi, wakapokewa Ikulu. Washona wa Kiambu, watoto na wajukuu wa wahubiri kutoka Zimbabwe, walisubiri hadi Desemba 2020, pale watu 1,670 miongoni mwao walipotambuliwa kuwa raia. Watu hao walitumia haki ya kudai kabla ya kuwa na haki ya kupiga kura, na uraia wao ulitokana na kudai huko. Kwa mhamiaji wa kawaida, Katiba inataka awe ameishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo ndipo aweze kuomba. Na hata akikubaliwa, atangoja miaka 10 akiwa raia kabla ya kugombea kiti cha Bunge au cha bunge la kaunti, ilhali urais umebaki kuwa wa raia wa kuzaliwa peke yake.