Albamu ya studio na ziara yake: maana yake nini?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Tabora. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akasoma kwenye simu kwamba bendi ya pop-panki ya Marekani imetoa "albamu ya studio" na itaanza "ziara ya kuiunga mkono". Akauliza: kwani kuna albamu isiyotoka studio? Kinyozi akadhani panki inayosemwa ni ile anayonyoa yeye kila Jumamosi.

Nikawaeleza kwamba panki hii ni muziki. Gitaa zinakoroma, ngoma zinakimbia, wimbo unaisha kabla hujamaliza soda. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Pop-panki ni mtoto wake aliyejifunza kuimba: kasi ni ileile, ila kiitikio ni kitamu na kinakaa kichwani.

Sasa swali la kijana. Albamu ya studio ni nyimbo mpya zilizorekodiwa kwa utulivu, ngoma siku yake, gitaa siku yake, sauti ikirudiwa mpaka ikubalike. Neno "studio" linaitenga na albamu iliyorekodiwa jukwaani huku mashabiki wakipiga kelele, na ile ya kukusanya vibao vya zamani. Ndiyo maana Saviors ya Green Day, bendi ya pop-panki ya Marekani, iliyotoka Januari 2024, huhesabiwa kuwa albamu yao ya 14 ingawa kazi zilizobeba jina lao ni nyingi zaidi ya hizo.

Ziara ni msururu wa maonyesho mji kwa mji yanayofungamana na albamu hiyo. "Kuunga mkono" tuwaachie wagombea. Mimi nasema ziara ya kuinadi albamu. Zamani neno hilo lilikuwa kweli tupu: bendi ilisafiri ili kaseti na CD zinunuliwe. Siku hizi mtu anasikiliza albamu nzima kwenye simu, na kila wimbo ukisikilizwa mara moja mwanamuziki anaambulia sehemu ndogo ya senti. Fedha iko kwenye kiingilio na kwenye fulana zinazouzwa uwanjani. Kwa hiyo mambo yamegeuka, na albamu ndiyo inayoinadi ziara.

Tazama Green Day wenyewe. Mwaka 2024 walizunguka viwanja vya Ulaya na Marekani Kaskazini kwa jina la Saviors, lakini kila usiku walipiga albamu zao za zamani, Dookie ya 1994 na American Idiot ya 2004, zote mbili kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyimbo mpya zilichomekwa chache tu. Blink-182, bendi nyingine ya pop-panki, walikwenda mbali zaidi: ziara yao ilianza Mei 2023, albamu ikatoka Oktoba. Mashabiki hawakulalamika, walikuwa wamefuata nyimbo za ujana wao.

Wazee wa Tabora hawatashangaa. Mji huu ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na katika bendi za dansi za enzi hizo albamu haikuwa ndiyo hesabu. Ulikwenda Dar es Salaam, ukarekodi nyimbo chache Radio Tanzania, au zikatolewa kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Redio ikaupeleka wimbo mikoani. Baadaye bendi ikafuata na vyombo vyake, na aliyekwisha kuujua wimbo akalipa mlangoni kuja kuucheza. Walichogundua Wamarekani baada ya CD kufa, hapa kilikuwa ndiyo mkate wa kila siku.

Tofauti iko ukumbini. Bendi ya dansi ikiona watu wamekolea, gitaa la solo linaongezewa dakika, wimbo unanyooshwa mpaka mashati yalowe. Pop-panki hainyooshwi. Usiku wa leo na wa kesho hufuata karibu orodha ileile ya nyimbo, na kwa kuwa kila moja ni fupi, albamu mpya pekee haiwezi kujaza saa mbili za uwanjani. Lazima za zamani ziitwe.

Nilipofika hapo kijana akauliza ziara hiyo itapita Tabora lini. Kinyozi akakung'uta kitambaa, akamwambia akae kitini, zamu yake imefika.